Dereva wa Hiace ya kanisa afundishwe gari likiwa limejaa

Mhariri,

Kila shule zinapofunguliwa, askari wa usalama barabarani huingia chini ya magari ya wanafunzi, wakagonga springi, wakapima tairi na taa. Ni kazi njema. Ila gari hukaguliwa likiwa tupu, na dereva naye, mara nyingi, alijifunzia gari dogo lililo tupu. Kisha Jumamosi anakabidhiwa Coaster ya viti 29 aipeleke kwaya Lushoto.

Kamati za shule, makanisa, misikiti na vikundi vya kuzikana huuliza tu kama leseni ipo. Waulize ni ya daraja gani. Daraja D ni la gari la kawaida la binafsi. Magari ya abiria yana daraja C na matawi yake, kwa kadiri ya idadi ya watu. Mwalimu wa michezo mwenye D pekee si dereva wa basi la shule, hata safari iwe ya uwanja wa jirani.

Tuje kwenye uzito. Abiria 14 wa kilo 65 ni kilo 910. Kila mmoja akija na begi la kilo 10, umeshapita tani moja. Zile spika na jenereta ambazo kwaya hupenda kuzifunga kwenye keria ndizo zinazolifanya gari liyumbe kwenye kona. Mzigo mzito ukae chini, kati ya tairi za mbele na za nyuma. Ukilundikwa nyuma ya kiti cha mwisho, pua ya gari hunyanyuka, usukani unakuwa mwepesi, na usiku taa zinawapiga usoni wanaokuja mbele.

Hatari nyingine kubwa ni mteremko. Mei 6, 2017, Rhotia, Karatu, basi dogo la wanafunzi lilitumbukia korongoni na watoto 32 wakafariki pamoja na watu wazima waliokuwa nao. Ajali ile ilikuwa na mambo yake, lakini barabara za namna ile tunazo Kitonga, Sekenke na Mombo hadi Lushoto, na bado wapo madereva wanaoshuka kwa frii, yaani gia ikiwa imetolewa, ili kuokoa mafuta. Gari likiwa frii, injini haisaidii kulizuia. Uzito wote unabebwa na breki. Pedi na brekishu zinapata moto, zinateleza, pedali inakuwa ngumu na gari halipungui mwendo. Kama mafuta ya breki ni ya zamani, yameshafyonza unyevu: yanachemka kwenye mabomba, mvuke unajaa, na pedali inazama hadi chini. Gari likisimama nusu saa, breki zinarudi. Fundi anakagua, haoni kosa, dereva anaambiwa alikuwa na wasiwasi tu. Mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama kikopo chake kimejaa.

Anayezima injini kabisa mteremkoni ndiye wa hatari kuliko wote. Baada ya kukanyaga breki mara mbili au tatu, msaada wa hewa unaoifanya pedali iwe nyepesi unakwisha na pedali inakuwa kama jiwe. Dereva aingize gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, si akiwa katikati. Akanyage kwa nguvu mpaka mwendo upungue, aachie breki zipoe, kisha arudie. Kuegemeza mguu kwenye pedali kutoka juu hadi chini ndiko kunakozichoma.

Ukiwa na Hiace au Coaster umekaa juu ya tairi la mbele au karibu nalo. Ukikata kona mapema kama uliyezoea Corolla, tairi la nyuma linapanda mahali watoto waliposimama. Mkia nao hutoka upande wa pili, na saitimira haiuonyeshi wote. Kurudi nyuma bila mtu wa kuongoza aliye chini tungependa kupigwe marufuku kabisa kwenye viwanja vya shule.

Matroni ahesabu watoto wanaopanda na wanaoshuka, na namba ziandikwe. Mtoto anayevuka barabara avushwe kwa mkono. Mwisho wa safari dereva atembee hadi kiti cha nyuma kabisa, atazame na chini ya viti. Mtoto aliyelala kwenye gari lililofungwa juani hana muda mrefu.

Mafunzo yenyewe si ghali. Tafuta uwanja mtupu na mifuko 18 ya mchanga ya kilo 50, uipange sakafuni na kuifunga isiteleze. Dereva asimame kutoka kilomita 40 kwa saa gari likiwa tupu, weka alama liliposimama; arudie likiwa limepakiwa. Halafu kona, kurivasi, na kushuka mlima mfupi kwa gia ya pili. Asubuhi mbili zinatosha kwa madereva wanne.

Tunaviomba VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji viandae kozi fupi ya wikendi ya namna hii kwa madereva wa shule na vikundi, ambao hawawezi kuacha kazi kwa wiki nzima. Gari waje nalo wenyewe, lile lile watakalopakia watoto Jumatatu.

Wakufunzi wa udereva,
Morogoro