Barua ya wazi kwa shemeji aliyesema Ngazidja ni mawe matupu

Shemeji,

Nimesikia mnataka kurudi Komoro mwezi wa tisa, na kwamba safari hii hutaki kuniuliza mimi kitu. Sawa. Dada yangu ndiye aliyeniambia, akaniomba nisikupigie simu kwa sababu simu zetu za karibuni zimeishia pabaya. Basi naandika, tena hadharani, maana ulilolisema kuhusu Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, ulilisema hadharani.

Mwezi mmechagua vizuri, na hilo nakupongeza kwa moyo mweupe. Septemba kusi linaanza kulegea, nyangumi bado wako kisiwa cha Mwali, na mvua za kaskazi hazijafika. Mwaka ule ulimpeleka mwenzio fungate mwezi wa nane, nikakwambia usifanye hivyo. Julai na Agosti Wangazija wa Marseille wanarudi kwao kwa ajili ya anda, zile harusi kubwa. Ndege zinajaa, vyumba vinapanda bei, na gari unalolikodi leo kesho limeshachukuliwa na maharusi. Juu ya hayo kusi linakuwa kali kwenye mkondo wa Mwali. Ulinijibu kuwa likizo yako ni Agosti na bahari ni bahari. Kumbe si wewe uliyekaa ubavuni ukitapika.

Halafu ratiba. Niliyokuandikia uliigeuza juu chini. Ukaanza na Ngazidja, ukaenda kisiwa cha Nzwani, Mwali ukaiweka mwisho, na ndege ya kurudi Dar ukaikata ya kesho yake asubuhi. Ndege hiyo inaruka uwanja wa Hahaya, na Hahaya iko Ngazidja. Bahari ikichafuka siku moja tu, umekwama Fomboni, mji wa Mwali, na ndege imekuacha, na ndivyo ilivyokuwa. Anayekwenda visiwa vile hufanya kinyume: akishuka Hahaya analala Moroni usiku mmoja, anakwenda Mwali, halafu Nzwani, na Ngazidja anaimaliza mwishoni kwa siku tatu au nne. Boti ikichelewa, siku zinazoliwa ni za Ngazidja, wala ndege huikosi. Siku saba hazitoshi visiwa vitatu. Kumi na mbili ndiyo kiasi, na kama una saba tu, chagua viwili.

Boti za Mwali haziondoki Moroni. Zinaondoka Chindini, kusini kabisa mwa Ngazidja, mwendo wa saa nzima na zaidi kwa gari, na zinakushusha Hoani, kijiji cha Mwali. Bahari ikiwa shwari ni kama saa mbili. Toka Moroni alfajiri, kwa sababu upepo huamka kadiri jua linavyopanda, na chombo cha mchana kinapigwa mawimbi ya ubavuni njia nzima. Mizigo itie kwenye mifuko ya nailoni kabla ya begi, maana kushuka mara nyingine ni kwa miguu majini. Kaa nyuma, karibu na nahodha. Mbele ndiko chombo kinakopiga maji. Jaketi la kujiokolea liombe kabla hujalipa nauli. Wakikwambia yamekwisha, subiri boti nyingine. Hofu yangu unaijua: yule mwenzio hajui kuogelea. Nilikwambia hayo yote, shemeji. Ujumbe wangu bado upo kwenye simu yako kama hukuufuta.

Fedha chukua euro taslimu kutoka nyumbani. Faranga ya Komoro imefungwa kwa euro, moja kwa 492 hivi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuhangaika kutafuta bei nzuri. Badilisha Moroni za kukutosha Mwali nzima, kwa sababu huko kadi yako ya benki ni plastiki tu.

Mwali mlilala Fomboni, mkaona barabara tu. Ulichotakiwa kukitafuta kiko ng'ambo, Nioumachoua, pale visiwa vidogo vilipojipanga mbele ya kijiji ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 2001. Kule unakodi ngalawa na mvuvi, unazunguka na miwani ya kuzamia, na ukienda nje kidogo msimu huu unaweza kukuta nyangumi na mtoto wake. Juu ya kijiji cha Ouallah kuna miti wanayoning'inia popo wa Livingstone, weusi, mabawa yao yakikunjuka yanakaribia mita moja na nusu. Dunia nzima wanapatikana Mwali na Nzwani tu. Panda jioni na mtu wa kijijini, jua likiwa bado lipo, maana hawa hawangoji giza ndipo waruke. Wanaelea juu ya bonde kama mwewe.

Na Itsamia, kijiji cha Mwali hiyo hiyo, ambako dada yangu alitaka kwenda tangu siku ya kwanza. Kasa hupanda pale mwaka mzima. Lala kijijini, lipa kiingilio chao, nenda na kijana wao usiku maji yakijaa, kwa sababu kasa huja na maji. Tochi nyeupe zima. Ukimwona anapanda, kaa chini, usimkatie njia. Akishtuka anageuka kurudi majini na mayai yake tumboni. Unangoja amalize kuchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, aanze kutaga. Akishaanza haachi kirahisi, hapo ndipo unasogea kwa nyuma, kimya, unayaona mayai yakidondoka mawili mawili, meupe, yana ute. Ni zaidi ya mia. Anafukia, anatawanya mchanga ili kuficha mahali, anarudi baharini amechoka mpaka anapumzika kila hatua chache. Ulimwambia mkeo kasa hata Nungwi wapo. Wa Nungwi wamefungiwa kwenye kidimbwi, shemeji.

Nzwani sina mengi. Mutsamudu tembea mji wa kale asubuhi, vichochoro ni vyembamba kuliko vya Forodhani kwetu, panda ngazi mpaka ngomeni na mizinga yake iliyolinda mji dhidi ya wavamizi wa Bukini, yaani Madagaska. Ila mlangilangi, mti wa maua ya manukato, usiupite. Maua huchumwa alfajiri, yale yaliyoiva manjano yenye wekundu katikati; mabichi hayana mafuta ya maana. Yanatiwa mtamboni siku hiyo hiyo, yanakenekwa kwa mvuke kama makonyo ya karafuu ya Pemba, na kilo mia za maua hutoa kama kilo mbili za mafuta. Yanayotoka saa za mwanzo ndiyo ghali, yanayokwenda kwa watengeneza manukato; yanayofuata ni ya sabuni. Moto hauzimwi mchana na usiku, na kuni zake ndizo zinazoinyoa milima ya Nzwani. Nunua mtamboni. Ile chupa uliyomletea Mama ilikuwa mafuta ya nazi yametiwa harufu: dondosha tone kwenye karatasi, doa la nazi halikauki. Mama bado anajipaka na anakusifu. Mimi sikumwambia.

Sasa Ngazidja.

Siku ile ya arusi ya mdogo wetu, baada ya pilau, wanaume wamekaa barazani, mtu akakuuliza Komoro vipi. Ukasema, "Ngazidja ni mawe matupu, hata mto hakuna." Watu wakacheka. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, nyuma ya bega lako. Mama yake alizaliwa Iconi, huko huko Ngazidja, ulikuwa unajua, kwa sababu kabla ya safari alikupa salamu uwapelekee watu wa huko. Kutoka Moroni mpaka Iconi ni kilomita chache tu. Hukwenda. Bibi akainuka akasema anakwenda kuswali, na Alasiri ilikuwa bado.

Hilo ndilo nisilolisahau. Boti nimekusamehe, ndege nimekusamehe.

Mawe yale ni lava. Mto hakuna kwa sababu mvua inayonyesha inazama moja kwa moja kwenye mwamba wenye matundu, ndiyo maana kila nyumba ya kale ina birika la kukinga maji ya paa. Iconi kuna jabali lililosimama juu ya bahari. Mwanzoni mwa karne ya 19, wavamizi wa Bukini walipouteka mji, wanawake wa pale walijirusha kutoka juu yake wasichukuliwe utumwa. Hao ndio watu wa Bibi. Panda pale, soma Fatiha, teremka, uliza ukoo kwa jina alilokuandikia. Utakaribishwa kula, kwa hiyo usile kabla.

Karthala ni volkano hai, mita 2,361, imetapika mara kadhaa kati ya 2005 na 2007. Nyinyi mlianza kupanda saa tatu asubuhi na chupa moja moja ya maji, mkarudia nusu ya njia. Wingu hushuka kabla ya adhuhuri na juu hakuna hata tone la kunywa. Ni safari ya siku mbili. Pandeni kutoka Mvouni, muanze saa kumi alfajiri na kiongozi, kila mtu lita tano au sita, viatu vya soli ngumu maana lava inakata, na sweta nzito kwa usiku. Lala karibu na kilele, uone kasoko, mdomo wa volkano, kukipambazuka, kabla wingu halijapanda.

Ukiwa Moroni, msikiti wa zamani wa Ijumaa, wa 1427, uko bandarini kabisa. Nenda maji yakijaa. Makumbusho yao wanaye gombessa, yule samaki ambaye wataalamu walidhani alikwisha zama za kale mpaka akavuliwa Afrika Kusini 1938, na wa pili akavuliwa Nzwani 1952.

Maore, kile kisiwa cha nne kilicho chini ya Ufaransa, nasikia unaitaka pia. Boti za kificho kutoka Nzwani zimezamisha watu wengi mno tangu Ufaransa iweke viza mwaka 1995. Hata kwa utani usizitaje mbele ya dada yangu. Kama ni kwenda, ni kwa ndege na viza ya Maore yenyewe, ile ya kawaida ya Schengen haikuingizi. Mimi ningeiacha mwaka huu. Kimbunga Chido kiliwabomolea nyumba Desemba 2024, na vyumba vilivyopo wenyewe wanavihitaji.

Tiketi ya kurudi kata ile inayobadilishika tarehe, hata kama ni ghali zaidi. Tofauti ya bei nitailipa mimi. Nitampa dada yangu mkononi, wewe huna haja ya kunipigia.