Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Mbeya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, wajumbe wa bodi, walimu, wazazi na wahitimu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama, licha ya mvua ya jana na hali ya barabara yetu. Karibu sana.

Klabu yetu ilianza na wanafunzi 9. Leo tuko 34. Tumeunda boya linalopima lenyewe joto la maji: dumu la lita 20, betri, paneli ya sola na vihisi vitatu kwenye kamba. Wavuvi wa Matema walitubeba kwa mtumbwi, tukalitia nanga Ziwa Nyasa, likatuma vipimo siku 19 mfululizo. Tunathubutu kusema hii ni hatua kubwa kwa sayansi ya mkoa huu.

Tumejifunza kutoka kwa maboya ya mpango wa Argo, karibu 4,000, yanayoelea katika bahari zote kuu. Kila siku 10 boya huzama hadi mita 2,000, hupanda likipima joto na chumvi, kisha hutuma taarifa kwa setilaiti. Taarifa hizo husaidia kutabiri majira, nasi tunaolima mahindi na viazi tunajua maana yake. Kihisi kikianza kukosea kule kilindini hakuna fundi wa kukifuata, kwa hiyo huhakikiwa kwanza maabara.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapo ndipo tulipokwama.

Tuliporudisha boya, vihisi vilikuwa vimeota ukoga wa kijani. Tukavisafisha, tukavitumbukiza vyote katika ndoo moja. Cha kwanza kilisoma 24.1, cha pili 24.6, cha tatu 23.8. Maji ni yale yale! Katika Ziwa Nyasa tofauti ya joto kati ya juu na kilindini ni nyuzi chache tu, hivyo kosa la nusu nyuzi linaharibu kazi yote. Barafu inayoyeyuka hutupatia sifuri tu, mbali na joto la ziwa. Maji yanayochemka hayatufai, kwani kwa mwinuko wetu huchemka takribani nyuzi 94, na hubadilika kadiri kanieneo ya hewa inavyobadilika. Hata mizani ya muuza mchele pale Mwanjelwa huhakikiwa na kubandikwa stika. Vihisi vyetu havina cha kulinganishwa nacho.

Tunaomba kipimajoto kimoja cha rejea, yaani cha kulinganishia vingine, chenye cheti cha uhakiki, na beseni la maji lenye kikorogeo. Jumla ni shilingi 3,650,000. Ankara kifani imeambatishwa.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Lilisomwa katika mahafali mawili yaliyopita, na mara zote mbili tuliahidiwa mbele ya wazazi hawa, tukapiga makofi na kuimba. Mara ya pili tuliambiwa kifaa kingefika kabla ya likizo ya Desemba. Mwalimu wetu akafunga rafu ya kukiwekea. Rafu ipo mpaka leo, ina daftari la vipimo tusivyoweza kuviamini. Wahitimu hawa waliokuwa kidato cha pili siku ya ahadi ya kwanza wanaondoka leo bila kukiona.

Tunakuheshimu sana, na kwa heshima hiyo hiyo tunakuomba, ukisimama kuzungumza, ututajie tarehe. Mlezi wa klabu ataiandika, naye atapiga simu siku hiyo.

Naomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya wanaklabu