Kusubiri Neno "Ila"

Tanga, 3 Juni 2025

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako niliipata Ijumaa nikaisoma mara mbili, hasa pale ulipoandika kwamba wagonjwa wapya wanaokuja kwako kwa ushauri nasaha hapo hospitali ya wilaya huja mara moja, hujibu kila swali kwa adabu, kisha hawaonekani tena. Unajiuliza umewakosea nini. Sidhani kama umewakosea. Nadhani umewauliza makubwa kabla hawajapata nafasi ya kukupima wewe.

Tumezoeshwa kuanza na ile karatasi ya maswali tisa ya kupima sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, iitwayo PHQ-9, na kujaza alama tangu mgonjwa anapokaa. Swali la tisa linataka kujua kama katika majuma mawili yaliyopita amekuwa akiwaza kwamba ni afadhali afe, au kwamba ajidhuru. Mfikirie basi mama wa makamo aliyepanda gari tangu alfajiri, asiyejua kama karatasi hiyo itaishia kwako au itafika kwa mumewe, kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa polisi, naye anaulizwa hayo na binti aliye rika moja na kitinda mimba wake. Atasema hapana. Utaandika sifuri, jumla itatoka ndogo, nawe utaiamini karatasi.

Hofu ya polisi hawajaibuni. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya nao walikuwa na kifungu cha namna hiyo, cha 226, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka mwezi Januari mwaka huu kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba. Wagonjwa wetu hawajui namba za vifungu, lakini wanajua vizuri nani aliwahi kuhojiwa baada ya kunusurika. Kwa hiyo mimi suala la siri nalitaja kabla ya swali lolote, tena pamoja na mipaka yake: utakayoniambia yatabaki humu, ila nikiona uhai wako au wa mtoto uko hatarini, nitalazimika kumshirikisha mtu, na wewe utakuwa wa kwanza kuambiwa ni nani na kwa nini. Zamani niliogopa kuitaja mipaka hiyo nikidhani itawafumba midomo. Kumbe anayeahidiwa siri isiyo na mpaka huingiwa na shaka zaidi, kwani ameishi mtaani na anajua maneno yanavyosafiri.

Hilo nililijua kwa aibu. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwahidi mzee mmoja kwamba hakuna atakayejua amefika kwangu. Juma lililofuata mhudumu akaliita jina lake lote, akaongeza "wa ushauri nasaha", mbele ya benchi lililojaa watu, jirani yake akiwa miongoni mwao. Nawe wajua kwamba kwa wengi maneno hayo bado yana maana ya kupima virusi vya UKIMWI, maana huko ndiko walikoyasikia kwanza. Sikuita mimi, lakini ahadi ilikuwa yangu, na mzee hakurudi. Tangu siku ile natoka mwenyewe mpaka penye benchi, natoa shikamoo inapostahili, namkaribisha mtu ndani bila kutaja jina wala shughuli.

Halafu kuna mtego wa lugha yetu wenyewe. Mtu akiulizwa habari, hata kama ametoka kuzika, atajibu nzuri, na mgeni wa kazi hii hudhani amepewa taarifa ya afya. Mimi naiacha salamu iende urefu wake kama inavyokwenda barazani, habari za nyumbani, za safari, za watoto, za mvua huko kwenu, huku kalamu ikiwa bado mezani. Mara nyingi baada ya nzuri ya tatu au ya nne hudondoka neno dogo: "Nzuri, ila huu mwili tu." Hapo mlango umefunguliwa nusu, na kosa letu ni kuusukuma. Akisema mwili, zungumzeni mwili.

Wala usichukizwe ukihojiwa. Utaulizwa kwenu ni wapi, umeolewa, una watoto wangapi. Sisi tulifundishwa kumrudishia mgonjwa swali lake. Nilijaribu, nikaona nyuso zikijifunga, kwa kuwa kwetu mtu asiyetaja kwao hutiliwa shaka. Najibu kwa ufupi na kwa ukweli, kisha narudi kwake.

Nadhani ndiyo maana kazi ya Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, ilinigusa. Mwaka 2006 alianza na bibi 14 pale Mbare, Harare, wakiketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi hao hawakuanza na jina la ugonjwa. Walizungumzia kufungisisa, neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi, kama sisi tunavyosema fulani "ana mawazo". Jaribio lililofanyika katika zahanati 24 za mji huo, matokeo yakachapishwa mwaka 2016, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita dalili zilikuwa zimepungua zaidi kwa waliokaa kwenye mabenchi kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Mimi na wewe hatuna mvi za bibi, lakini subira yao tunaweza kuiazima.

Edward Bordin, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1979 kwamba ushirikiano wa mgonjwa na mtabibu una mambo matatu: kukubaliana lengo, kukubaliana kazi ya kulifikia, na uhusiano wa kuaminiana uliopo kati yao. Sisi huhangaikia hilo la tatu, tukalainisha sauti na kutabasamu, tukayasahau mawili ya mwanzo. Nilikuwa na mjane aliyetaka kitu kimoja tu, usingizi. Mimi nilitaka azungumzie msiba, na niliona wazi kabisa (au nilijiona mjanja) kwamba msiba ndio uliomnyima usingizi. Nikajizuia. Vikao vitatu tulizungumzia chai ya usiku, kulala mchana, na saa ya kuamka, na kila nilichoahidi kumtafutia nilikileta siku niliyosema. Kikao cha nne alikaa, akatengeneza mtandio wake, akasema, "Usingizi umerudi kidogo, ila ukija, namwota." Karatasi ya maswali tisa tuliijaza siku hiyo, na swali la tisa hakusema hapana.

Uliandika kwamba chumba chako mnachangia na stoo ya dawa, na mlango haufungi. Hilo lidai kabla ya samani nyingine yoyote. Wakikosa fundi, omba ufunguo wa chumba chochote kinachobaki wazi mchana, hata kama ni kidogo. Ukikipata niandikie, na unieleze viti umeviwekaje.

Rafikiyo wa siku zote,
M.