Ukilipa safari ya msitu wa Rungwe, fedha yako inakwenda wapi?

Sisi ni kikundi cha wenyeji tunaopokea na kuongoza wageni wa msitu wa Rungwe, mkoani Mbeya. Swali tunaloulizwa zaidi kwenye simu ni hili: "Kama nimeshalipa serikalini, na ninyi mnatoza ya nini?" Ni swali la haki, na mteja anastahili jibu lililonyooka.

Msitu wa Mlima Rungwe ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2009, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kiingilio ni cha serikali. Unapewa namba ya kumbukumbu, unalipa kwa simu au benki, na risiti unabaki nayo. Hatuongezi hata shilingi juu yake, na ukipenda kulipa mwenyewe bila kupitia kwetu, ndiyo vizuri zaidi. Mtanzania na mgeni wa nje hawalipi sawa, kwa hiyo tuambie mapema wewe ni nani ili tusikupigie hesabu isiyo yako.

Msitu huo si mali ya kikundi chetu, na hatutamdanganya mtu kwamba ni wetu. Chetu ni kile kinachouzunguka: nyumba unayolala, ndizi na maharage unayokula, mtu anayetangulia mbele yako njiani, na alichojifunza tangu utotoni kuhusu msitu ule. Hayo ndiyo tunayotoza.

Mwongozaji analipwa siku hiyo hiyo, mkononi, anaweka sahihi kwenye daftari. Mama mwenye nyumba analipwa kwa kitanda na kwa sahani; mkila watano, zinaandikwa sahani tano. Kinachobaki kinaingia mfuko wa kikundi, na hesabu zake zinasomwa mbele ya wanakijiji. Daftari lile lina madoa ya chai na kona zilizojikunja, lakini mgeni yeyote akitaka kulifungua tunampa. Wapo waliolisoma ukurasa kwa ukurasa wakisubiri mvua ikatike. Tunapenda wageni wa namna hiyo.

Tunasisitiza hivi kwa sababu tumeishi upande wa pili. Mgeni analipa safari nzima mjini, mbali na huku. Gari linafika, linasimama mwanzo wa njia, kijana wa kijiji anapandisha watu mlimani tangu asubuhi, jioni anaachiwa hela ya soda. Kijana huyo huyo nyani na kima wanaingia shambani kwao kula mahindi. Ukimwambia asitege, atakuuliza msitu unamlipa nini. Mitego na uwindaji wa kutumia mbwa ni miongoni mwa mambo yaliyompunguza kipunji, kima adimu wa msitu huu, na hotuba peke yake haiwezi kuondoa mtego.

Na kipunji ndiye anayetufanya tuamini kwamba ujuzi wa wenyeji una thamani ya fedha. Watafiti walimthibitisha Rungwe mwaka 2003 baada ya kusikia habari zake kwa wawindaji wa Kinyakyusa, waliokuwa wakimfahamu na kumwita kwa jina hilo. Mwaka 2005 akatangazwa kwa dunia kuwa spishi mpya, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe (kundi la kisayansi lililo juu ya spishi), Rungwecebus, jambo ambalo kwa nyani na kima wa Afrika halikuwa limetokea tangu mwaka 1923. Hapatikani nje ya Tanzania: yuko huku kwetu Rungwe na upande wa Kitulo, na wachache wako msitu wa Ndundulu kule Udzungwa.

Hatumwahidi mtu kwamba atamwona. Anakaa juu sana kwenye miti, ana haya, na ukungu ukishuka huoni hata mkono wako. Mara nyingi anasikika kwanza: mlio mzito, katikati ya honi na mbweko. Hapo mwongozaji atakuomba usimame na unyamaze. Akitokea, utamjua kwa manyoya marefu ya kahawia, kishungi kichwani na ncha ya mkia iliyo nyeupe. Hatumrushii chakula, na mgeni akijaribu tunamzuia.

Kuna mfano wa mbali tunaoujadili sana kwenye vikao. Huko Peru, kwenye msitu wa Amazon, jamii ya Infierno, wakiwemo watu wa kabila la Ese Eja, iliingia mkataba na kampuni ya utalii mwaka 1996 kujenga loji ya Posada Amazonas. Faida iligawanywa asilimia 60 kwa jamii na 40 kwa kampuni, maamuzi yalifanywa kwa pamoja, na mkataba ulikuwa wa miaka 20. Wengi wanavutiwa na ile 60. Sisi tunaona kilicho kizito ni ule ukomo: ilijulikana tangu mwanzo kwamba ipo siku wenyeji watashika usukani. Kampuni ikija kwetu na mkataba, tutauliza kwanza unaisha lini.

Sasa maandalizi. Huku mvua hainyeshi kwa ratiba ya Dodoma. Inaanza Novemba na inaweza kufika Mei. Juni hadi Oktoba njia zinakauka kiasi, ila Juni na Julai baridi ni kali, njoo na sweta zito. Gambuti na koti la mvua ni vya lazima miezi yote. Ziwa Ngosi, lililo ndani ya kreta ya volkano, tunakupeleka hadi ukingoni, juu kabisa, ambako ziwa lote linaonekana chini yako. Kushuka hadi majini ni mteremko mkali, na udongo ukiwa umelowa hatushuki, hata ukiongeza pesa. Mwenye nusu siku tu tunamshauri Daraja la Mungu, daraja la asili la mwamba pale mto Kiwira.

Tukuyu, mji wa wilaya ya Rungwe, ni kama kilomita 70 kutoka Mbeya mjini, kosta zipo kutwa. Tupe taarifa angalau siku mbili kabla, utuambie idadi yenu, mtu asiyekula nini, na kama kuna mtoto au mzee. Mama wa nyumba hununua vyakula sokoni kwa idadi hiyo; mkiahirisha dakika ya mwisho, gharama yake ya soko tunaikata kwenye malipo ya awali, iliyobaki tunakurudishia.