Mwanangu, damu kwanza, dawa baadaye

Mwanangu,

Barua hii nimeiweka chini ya mashuka kwenye begi ili uikute ukiwa umeshafika bwenini. Nikiyasema haya mezani unageuza macho na kuniambia, "Mama, umeshasema." Ndiyo, nimeshasema. Nasema tena.

Yule mwenzako wa kliniki ya moyo, mvulana mrefu mliyekuwa mkigombania kiti cha dirishani, amelazwa kwa endokaditisi, ule ugonjwa wa bakteria kushambulia utando wa ndani ya moyo. Mama yake alinipigia juzi usiku. Homa ilimwanza polepole, homa ya jioni tu, asubuhi anaamka mzima na kwenda shule. Akapewa antibiotiki ya siku chache, homa ikashuka. Dawa ilipoisha ikarudi. Akapewa nyingine yenye jina jingine, ikashuka tena, ikarudi tena. Huku nyuma mtoto anapungua, suruali zinamvuka, viungo vinamuuma, na watu wanamwambia ni kukua huko. Alipofikishwa kwa daktari wake wa moyo damu ilichukuliwa ikaoteshwa maabara, na hakikuota kitu. Bakteria walikuwepo, tena wengi. Zile dawa za kudokoadokoa ziliwadhoofisha wasiote kwenye chupa, ila hazikuwamaliza kule walikojificha. Kipimo cha eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ndicho kilichowaumbua: kinundu kimeng'ang'ania kwenye vali, mlango wa moyo unaopitisha damu, kinachezacheza kila moyo unapopiga. Sasa madaktari wanamtibu kwa kukadiria ni bakteria wa aina gani, dawa zaidi ya moja, zote za mshipani, na ameambiwa wiki 6.

Jambo langu basi ni hili moja: ukipata homa, usimeze antibiotiki yoyote kabla damu yako haijachukuliwa. Yoyote. Hata nusu kidonge.

Najua utaniambia unaujua ugonjwa huu kuliko mimi, na ni kweli. Mwalimu wako alinisimulia ulivyowaeleza wenzako darasani mpaka naye akavuta kiti akasikiliza. Nilitembea kifua mbele wiki nzima, na baba yako alichoka kunisikia. Lakini msichana huyo huyo aliyejaza ubao kwa michoro ya vali ndiye aliyenificha homa likizo iliyopita kwa sababu alitaka kwenda kwenye sherehe. Ilikuwa mafua tu, nashukuru. Bado sijasahau.

Nami nilivyoelewa ni hivi. Damu inapopita kwa kasi mahali pembamba au penye kiraka, hukwangua utando wa ndani ya moyo jinsi mto unavyokula ukingo. Pale palipochubuka chembe za kugandisha damu hujikusanya. Vali ya bandia kama yako nayo ni mahali bakteria wanapopenda kushika. Bakteria akipita kwenye damu, wa fizini au wa kwenye ngozi, hunasa hapo, huzaana na kujifunika ndani ya lile bonge ambamo askari wa mwili hawamfikii vizuri. Ndiyo maana vidonge vya siku tano haviwezi kumtoa, na tiba huchukua wiki 4 hadi 6, na kwa vali ya bandia ni 6 au zaidi. Wakati wote huo vali inaweza kuliwa mpaka ikavuja, au kipande kikakatika kikaenda kuziba mshipa wa mapafu au wa ubongo. Hayo ya ubongo sitaki hata kuyaandika.

Bwenini kila mtu ana vidonge vilivyobaki. Watakupa kwa upendo, na wewe hupendi kumkatalia mtu. Kataa. (Vile vya kabati la jikoni nimevitupa vyote, na usiniulize vilikuwa vinafanya nini pale.) Parasetamoli haina neno, haiharibu kipimo, ila pima joto kwanza na uandike saa na namba, kwa sababu ikishushwa hakuna atakayeamini ulikuwa na homa. Ikifika nyuzi 38, mwambie matroni na unipigie mimi hata kama ni saa nane za usiku. Hata kama unapiga chafya na una hakika ni mafua, nipigie.

Kadi yako nimeifunika plastiki. Ukifika kwa mganga yeyote usikae kimya kwa heshima. Mwambie: nina vali ya bandia, naomba damu ya kuotesha kabla ya antibiotiki. Damu yenyewe huchukuliwa mara tatu, kila mara kwa tundu lake, kwa sababu bakteria wa ngozi anaweza kuingia chupa moja kwa bahati mbaya, lakini si rahisi aingie zote. Mikono yako najua ilivyo, mishipa inakimbia, utaambiwa moja inatosha. Vumilia. Na kama umezidiwa kabisa daktari hatasubiri majibu ya maabara. Atachukua damu na kuanza dawa papo hapo, na hapo usibishane naye, amefanya sawa.

Meno sasa. Daktari wa meno asikuguse fizi kabla hujameza amoksilini. Ulipokuwa mdogo walikupimia kwa uzito, miligramu 50 kwa kila kilo. Sasa umevuka kilo 40, kwa hiyo ni gramu 2, yaani vidonge vinne vya miligramu 500 kwa mkupuo, mara moja tu, nusu saa hadi saa moja kabla. Hiyo haipingani na niliyosema juu, hiyo ni kinga kwa mtu asiye na homa. Ukiwa na homa, ahirisha meno. Lakini kinga kubwa ni mswaki, asubuhi na usiku, pamoja na ule uzi unaouacha kwenye pakiti kama pambo. Unapotafuna na kupiga mswaki huku fizi zinavuja damu, bakteria wanaingia kila siku, na kwa daktari wa meno unakwenda mara ngapi kwa mwaka? Na kucha, mwanangu! Unazitafuna mpaka nyama. Kutoboa pua jibu langu ni lile lile. Tatoo hata usiniulize.

Shangazi yako amenisumbua sana tangu mtoto wake aambiwe ana tundu dogo moyoni. Anataka naye apewe vidonge kila jino linapoota. Nimemwambia hapana: zamani walipewa wengi, ila mwaka 2007 Shirika la Moyo la Marekani lilipunguza orodha wakabaki walio kwenye hatari kubwa, kama wewe mwenye vali ya bandia, au waliowahi kuugua ugonjwa huu, au watoto wenye kasoro ya kuwafanya wawe wa bluu ambayo haijatengenezwa. Mwanawe hayumo. Nilichomwambia aangalie ni kingine: mtoto mchanga hasemi, na wakati mwingine hata homa hapati. Anakataa kunyonya, anahema haraka, analegea. Kwa vichanga, hasa njiti waliowekewa mipira kwenye mishipa mikubwa, ugonjwa huu unaweza kuingia hata moyo ukiwa umeumbwa salama. Shangazi akasema nimekuwa daktari. Nikamwambia wodi ilinisomesha. Ukiongea naye mtulize, wewe anakusikiliza.

Nyumbani tuko salama. Mdogo wako ameshahamia chumbani kwako, eti anakutunzia. Vitabu nimemkataza, kitanda nimeshindwa. Baba yako anarekebisha mlango wa nyuma tangu juzi na sasa haufungi kabisa, tunaingilia mbele. Anakusalimu. Haandiki, lakini yeye ndiye aliyebadilisha betri ya kipimajoto, akajipima mwenyewe kwanza kuhakikisha.

Kingine, usiogope kukimbia. Daktari amekuruhusu michezo, na mimi nikikuona umejifungia ndani kwa sababu ya barua yangu nitakasirika zaidi. Sikukuandikia ili uishi kwa hofu. Cheza, ufeli hesabu kidogo kama wenzako ukitaka (usifeli). Ila uchovu usioisha, jasho la usiku, vidoa vyekundu kwenye ngozi au mistari myeusi chini ya kucha, hayo usiyapeleke kwa rafiki, yalete kwangu. Na kama umeshameza kitu kabla ya kusoma barua hii, niambie ni nini na lini, sitakufokea. Daktari lazima ajue.

Kipimajoto kiko mfuko wa pembeni, kadi iko nyuma ya kitambulisho, namba ya nesi wa kliniki ya moyo iko mgongoni mwa kadi. Ndoo yenye kifuniko ni yako, ile ya bluu uirudishe ukija. Halafu ufunguo wa kabati la juu uliuweka wapi? Tumepekua nyumba nzima.

Mama yako