Mchango wa chujio la maji

Habari za jioni wapendwa. Jana nilipita kwa mama yetu wa Ngaramtoni. Mjukuu wake akacheka, meno yote rangi ya chai! Ni madini ya floraidi yaliyomo kwenye maji wanayokunywa, na kuchemsha hakuondoi madini hayo.

Ndiyo maana nang'ang'ania chujio la Dkt. Askwar Hilonga, mwanasayansi wa hapa hapa Arusha aliyeshinda tuzo ya ubunifu wa uhandisi Afrika mwaka 2015, pauni 25,000 kutoka Uingereza. Linatumia mchanga na nanoteknolojia, yaani teknolojia ya chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na hutengenezwa kulingana na maji ya eneo husika. Mama akilipata atawauzia majirani maji salama, ada ya mjukuu itoke humo.

Wenye ahadi, mtumieni mweka hazina kabla ya Ijumaa. Hata elfu mbili tunapokea, jamani.