Testosteroni sio pipi, pimeni presha na sukari kwanza

Mhariri naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mimi nauza duka la dawa hapa Mwanza na siku hizi wanaume wanakuja sana, vijana wa jimu na wazee wa miaka hamsini na kitu, wanaulizia jeli au sindano ya testosteroni, yaani homoni ya kiume, cheti cha daktari hamna, kipimo hamna, huyu kaambiwa inalinda moyo, yule kaambiwa inaua moyo, na kila mmoja ana uhakika na lake.

Sasa tuongee ukweli. Huko Marekani kuna utafiti ulitoka 2010, wazee 209 waliokuwa wanatembea kwa shida, ukasimamishwa kabla ya muda kwa sababu waliopaka jeli yenye dawa 23 walipata matatizo ya moyo na mishipa, wale wa jeli tupu 5 tu. Watu wakaogopa, na 2015 mamlaka yao ya dawa, FDA, ikataka onyo liandikwe. Ila 2023 ukatoka mkubwa zaidi unaitwa TRAVERSE, wanaume kama 5,200 wa miaka 45 hadi 80, wote wana ugonjwa wa moyo au wako hatarini kuupata na wote wamepimwa homoni ikakutwa iko chini kweli. Waliopata shambulio la moyo, kiharusi au kufa kwa moyo walikuwa asilimia 7.0 kwa wenye dawa na 7.3 kwa wasio nayo, yaani haikuongeza, lakini jamani haikupunguza pia! Na wenye dawa walizidi kwa mapigo ya moyo kwenda ovyo, damu kuganda kwenye mapafu na figo kuumia ghafla. Dawa hii inaongeza chembe nyekundu, damu inakuwa nzito, na presha inaweza kupanda, ndo maana anayepewa na daktari anarudi kupimwa damu mara kwa mara.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki. Mwanaume mwenye kitambi na sukari, homoni yake mara nyingi inashuka kwa sababu ya hicho hicho kitambi, mafuta ya tumbo yanaigeuza testosteroni kuwa homoni ya kike, kwa hiyo akipungua uzito nayo inapanda yenyewe bila sindano. Na akiona nguvu za kiume zimepungua anakimbilia vumbi la Kongo au jeli ya mtaani wakati huenda shida iko kwenye mishipa ya damu, maana mishipa ya huko chini ni myembamba kuliko ile ya moyo, inaziba mapema, na mtu anaweza kuanza kuona shida chumbani miaka kadhaa kabla kifua hakijabana. Hiyo ni taarifa, sio aibu, ila akishapata kitu cha kumsisimua anaisahau presha yake kabisa.

Vijana wa jimu mnisikilize. Utafiti wa TRAVERSE hauwahusu nyie, wale walirudishiwa kilichopungua kwa dozi ndogo chini ya daktari, nyie mna homoni ya kutosha halafu mnajidunga dozi kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Dozi za hivyo kwa miaka zinadhoofisha msuli wa moyo, lehemu nzuri inashuka, na mbegu zinakata, kijana anatafuta mtoto hapati.

Kupima kwenyewe kuna utaratibu, damu inatolewa asubuhi, na ikionekana ndogo inarudiwa siku nyingine kabla hujaambiwa una upungufu. Kipimo kimoja cha saa kumi jioni hakitoshi, na uchovu peke yake sio ushahidi, unaweza kuwa hulali tu.

Ombi langu kwako mhariri, matangazo ya dawa za nguvu za kiume mnayoletewa muulize kwanza kama dawa imesajiliwa TMDA, mamlaka yetu ya dawa, ndo mtoe. Na ukurasa wenu wa afya uwaite madaktari wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete waeleze kwa Kiswahili cha kawaida nani anahitaji hii homoni na nani haihitaji, na wale wanaoweka kidonge cha nitrati chini ya ulimi kifua kikibana, waambiwe wazi kwamba wakichanganya na vidonge vya nguvu aina ya sildenafili presha inaweza kushuka ghafla mpaka mtu akafa.

Msomaji wenu, Mwanza